Marufuku kwa Jina la Dini: Sinema za Asia na Uadilifu wa Mwislamu



Miongoni mwa maswali yanayoletwa na vijana walioingia karibuni katika Islam, na hata na wale ambao bado wanaichunguza, lipo moja ambalo baadhi ya walimu hulikwepa kwa kuona haya. Wanauliza hivi: Katika nchi kadhaa za Asia zimetengenezwa filamu zinazosimulia habari za watu wanaopendana na wenzao wa jinsia moja, au habari za mtu aliyezaliwa mwanamume naye akaishi kama mwanamke. Filamu hizo zimepigwa marufuku, zimekatwa vipande, na pengine majumba ya sinema yamevunjwa vioo, na kila mara jina la dini limetajwa. Ikiwa dini yenu inakataza mambo hayo, je, si wajibu wenu kushangilia marufuku hiyo?

Swali hili ni la haki nalo linastahili jibu. Wala sitaanza kwa kuficha imani yangu. Mafundisho ya Islam yanaijua njia moja tu iliyo halali ya mume na mke, nayo ni ndoa, na Kurani Tukufu inalihesabu tendo la watu wa Nabii Lut a.s. kuwa ni dhambi. Anayetaka kusikia kinyume cha hayo kwangu hatakisikia. Lakini anayedhani kwamba hapo ndipo maneno yamekwisha, huyo hajaifahamu Kurani, kwa sababu Kitabu hicho hicho kinachotaja dhambi kinataja pia namna ya kumtendea anayeshukiwa nayo, na katika jambo hili la pili kina maneno mengi kuliko katika la kwanza.

Basi na tuyatazame mambo yenyewe yalivyotokea.

Mwaka 2022 kijana mmoja wa Pakistan, Saim Sadiq, alitoa filamu iitwayo Joyland. Kisa chake ni cha familia moja ya Lahore. Mwana mdogo wa nyumba hiyo hana kazi, na baba mzee anataka mjukuu wa kiume. Kijana anapata kazi ya kucheza nyuma ya mchezaji mashuhuri wa jukwaani, ambaye ni mmoja wa wale waitwao Pakistan khwaja sira, na moyo wake unamwelekea mtu huyo. Wakati huo huo mkewe anaachishwa kazi aliyoipenda, anafungiwa nyumbani, na mwisho wake unakuwa wa kuhuzunisha mno. Filamu hiyo ilipewa tuzo ya majaji wa kitengo cha Un Certain Regard huko Cannes, na Pakistan yenyewe ikaichagua iiwakilishe katika mashindano ya Oscar.

Mwezi Agosti 2022 bodi ya ukaguzi ilikwisha kuipa cheti. Siku chache kabla ya kuonyeshwa, yaani tarehe 11 Novemba, Wizara ya Habari ikakifuta cheti hicho, ikisema yamepokewa malalamiko kwamba filamu haipatani na maadili ya jamii. Waziri Mkuu akaunda kamati, kamati ikaitazama, sehemu chache zikakatwa, na ruhusa ikarudishwa. Kisha serikali ya jimbo la Punjab ikaizuia tena katika eneo lake. Hivyo tarehe 18 Novemba watu wa Karachi na Islamabad waliweza kuitazama, na watu wa Lahore, ambao ndio waliosimuliwa ndani yake, hawakuweza.

Hebu uyapime malalamiko hayo, ewe msomaji. Filamu ilikuwa haijaonyeshwa katika jumba lolote la sinema nchini humo. Ilikuwa imeonyeshwa katika maonyesho ya nchi za nje tu. Basi wananchi wale waliojaza mitandao kwa hasira walikuwa wameona nini? Sehemu kubwa yao hawakuwa na njia yoyote ya kuiona. Walihukumu kwa kusikia. Na kitu walichokisikia hasa kilikuwa ugomvi mwingine: mwaka huo kulikuwa na mjadala mkali bungeni na nje ya bunge juu ya sheria ya mwaka 2018 ya kulinda haki za watu wa namna ya khwaja sira, na seneta mmoja wa chama cha Jamaat-e-Islami aliyekuwa akiipinga sheria hiyo ndiye aliyekuwa mbele pia katika kuipinga filamu. Filamu ikawa fimbo ya kupigia kitu kingine.

Katika Sura Al-Hujurat Mwenyezi Mungu anawaagiza waaminio kwamba mtu asiyeaminika akiwaletea habari, waichunguze kwanza, wasije wakawadhuru watu kwa kutojua kisha wakajuta. Na katika Sura Bani Israil anakataza mtu kuyafuata asiyo na elimu nayo, kwa kuwa sikio na jicho na moyo vyote vitaulizwa. Amri hizi hazikuwekewa sharti kwamba anayesemwa awe mtu mwema. Zimewekwa kwa ajili ya msemaji. Mwenye kulalamikia kitu asichokiona amevunja amri mbili za Kurani kabla hajaanza kuitetea Kurani.

Huenda mtu akasema: Wewe nawe unaleta hoja za mawakili, uovu haulazimu uonekane ndipo ukataliwe. Nami nitamjibu kwa mfano wa hapa kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1953 ilipotoka tafsiri ya Kurani Tukufu kwa Kiswahili iliyotengenezwa na Jumuiya yetu, walikuwako waliowaonya watu wasiiguse kabisa. Lakini marehemu Sheikh Abdullah Saleh Farsy, ambaye hakukubaliana nasi hata kidogo, aliisoma, akaijibu kwa maandishi, na mwaka 1969 tafsiri yake mwenyewe nzima ikatoka. Tulitofautiana naye na tunatofautiana na hoja zake mpaka leo. Hata hivyo yule ni mtu aliyesoma ukurasa kabla ya kuupinga, na lugha ya Kiswahili ikapata vitabu viwili badala ya kimoja. Katika chuo nilichosomea ng'ambo alikuwako mwalimu ambaye hakukubali jibu la mwanafunzi dhidi ya kitabu chochote cha wapinzani mpaka mwanafunzi amfungulie ukurasa wenyewe. Wengi wetu tulimwona mkali. Nadhani alikuwa akitufundisha Sura Al-Hujurat.

Wala ugonjwa huu si wa Waislamu peke yao. Mwaka 1996 Deepa Mehta, mwanamke wa Kihindi akaaye Kanada, alitengeneza filamu iitwayo Fire, inayosimulia habari za wake wawili wa ndugu wawili katika nyumba moja ya Delhi, waliotupwa na waume zao, nao wakapendana. Bodi ya ukaguzi ya India iliipitisha bila ya kuikata, na mwezi Novemba 1998 ikaanza kuonyeshwa. Takriban majuma matatu ilionyeshwa kwa amani. Tarehe 2 Desemba wafuasi wa chama cha Shiv Sena wakaingia kwa nguvu katika jumba moja la sinema Mumbai, wakavunja vioo na kuchoma matangazo. Kesho yake yakatokea mambo kama hayo katika jumba la Regal, Delhi. Waziri Mkuu wa jimbo la Maharashtra akawasifu. Na msanii mkongwe Dilip Kumar alipokwenda mahakamani pamoja na wengine kuitetea filamu, kundi la wanaume likaenda mbele ya nyumba yake likavua nguo likabaki na chupi, eti kwa kutetea adabu!

Wasomaji wetu wa Mombasa, Unguja na Dar es Salaam, ambao wazee wao walijaa katika majumba ya sinema kutazama picha za Kihindi na walilijua jina la Dilip Kumar kama jina la jirani, watafahamu udhalili wa jambo hilo bila ya kuelezwa zaidi.

Lakini kuna jambo moja katika kisa cha Fire ambalo lafaa litazamwe kwa makini. Wanawake wale katika filamu waliitwa Radha na Sita, majina yanayoheshimiwa sana na Wahindu. Iliripotiwa kwamba kiongozi wa Shiv Sena, Bal Thackeray, alisema angeacha kupinga kama majina hayo yangebadilishwa yakawa ya Kiislamu. Tafakari maneno hayo. Kama ni kweli lililomuudhi lilikuwa dhambi, basi dhambi ingebaki vile vile kwa jina lolote. Kumbe lililotakiwa ni kwamba aibu iwe ya jirani. Na mimi nasema kwamba pale Lahore, na Jakarta, na popote, ukiisikiliza vizuri sauti ya wanaopiga kelele, mara nyingi utasikia jambo hilo hilo: "Kwetu hakuna watu kama hao, wameletwa na wageni." Filamu ya Fire ilirudishwa mbele ya bodi, ikatazamwa upya, na mwezi Februari 1999 ikapitishwa mara ya pili bila ya kukatwa. Vioo vilikuwa vimevunjwa bure.

Ajabu ni kwamba katika nchi hizi zote kilichotoka kwa wageni hasa ni sheria yenyewe ya kukagua. Sheria ya kwanza ya sinema ya India ilitungwa na Waingereza mwaka 1918, na fungu la 377 la sheria ya makosa ya jinai, lililowaadhibu watu wa jinsia moja, liliandikwa nao mwaka 1860. Pakistan iliyarithi hayo pamoja na reli na mahakama. Mahakama Kuu ya India iliondoa adhabu ya fungu hilo kwa watu wazima waliokubaliana tarehe 6 Septemba 2018. Mwaka huo huo nchini Kenya filamu ya Rafiki ilipigwa marufuku, kisha mahakama ikaruhusu ionyeshwe kwa siku saba, na watu wakapanga mistari. Siyataji haya ili kusema kwamba kila kilicho cha mkoloni ni kibaya. Nayataja ili msomaji asidhani kwamba mkasi wa bodi ya sinema uliteremshwa Makka.

Sasa tuje katika jambo ambalo, kwa maoni yangu, ni zito kuliko yote haya.

Mwaka 2010 ilitangazwa Malaysia kwamba kanuni za ukaguzi zimelegezwa. Tangu hapo watengenezaji wa filamu wangeweza kuonyesha mtu apendaye jinsia yake, lakini kwa sharti: mwisho wa hadithi ni lazima mtu huyo atubu. Mwaka uliofuata ikatoka filamu iitwayo Dalam Botol, ambayo hata jina lake lilikuwa limepunguzwa neno, na ndani yake mtu aliyejibadilisha mwili kwa ajili ya mpenzi wake anajuta.

Watu wengi wa dini waliona hiyo ni njia nzuri ya katikati. Mimi naiona ni hatari kuliko marufuku. Marufuku inafunga mlango na kuondoka. Kanuni hii inakaa ndani ya nyumba na kuchezea kitu kitakatifu. Toba katika Islam ni nini? Ni kurudi kwa mja kwa Mola wake, kwa kujuta moyoni, kwa kuacha, na kwa kuazimia. Hakuna sehemu hata moja ya mambo hayo inayoweza kutolewa kwa amri ya ofisi. Pale mwandishi anapomtubisha mtu wake katika dakika kumi za mwisho ili apate cheti, mwandishi ametubu kwa nani? Na mtazamaji, ambaye anajua kwamba kanuni ndiyo iliyotaka hivyo, atajifunza nini juu ya toba isipokuwa kwamba ni maneno yanayosemwa ili mtu apitishwe? Hivyo ndivyo unafiki unavyofundishwa, na unafunzwa kwa fedha za tikiti.

Sahaba Usama bin Zaid r.a. alimwua adui vitani baada ya mtu yule kuitamka Kalima, akidhani kwamba ameisema kwa kuogopa upanga. Mtume Mtukufu s.a.w. alipopata habari alihuzunika sana, akamwuliza Usama kama aliupasua moyo wa mtu yule akaona yaliyomo. Kisa hiki tumezoea kukitumia dhidi ya wale wanaotuita makafiri, na ni haki yetu kukitumia hivyo. Lakini kinakata pande zote mbili. Aliyekatazwa kusema kwamba imani ya mtu ni ya uongo hakupewa idhini ya kuamrisha ya kweli. Na ndipo Sura Al-Baqara inapotangaza kwamba hakuna kulazimishana katika dini, maana jambo likilazimishwa huwa si dini tena.

Hapo yuko msomaji atakayeniuliza: Je, serikali isikagae lolote? Watoto waone kila kitu? La, sisemi hivyo. Hadhrat Umar r.a., kama ilivyosimuliwa, alipokuwa akizunguka Madina usiku alisikia sauti za anasa nyumbani kwa mtu, akapanda ukuta akamkuta na pombe. Mtu yule akamjibu kwamba yeye amekosa moja, lakini Khalifa amekosa matatu: amepeleleza, ameingia pasipo mlangoni, na hakutoa salamu. Hadhrat Umar akanyamaza, akamwacha. Kisa hicho ni cha nyumba, na sinema ni barabarani, sitavichanganya. Kilicho hadharani jamii inaweza kukiwekea utaratibu: umri wa watazamaji, saa, maonyo mlangoni. Utaratibu huo una bodi inayotazama, sababu inayoandikwa, na mahakama ya kukatia rufani. Kundi lenye mawe halina hata kimoja katika vitatu hivyo, na serikali inayolitii kundi lenye mawe baada ya bodi yake kutoa cheti imeyatupa yote matatu.

Indonesia ilionyesha jambo hili wazi. Garin Nugroho alitoa filamu ya Kucumbu Tubuh Indahku mwaka 2018, juu ya kijana wa Java anayekuwa mchezaji wa lengger, ngoma ya zamani ambayo wanaume huicheza katika mavazi ya kike. Ngoma hiyo si ya kizungu. Ni ya vijijini kwao. Bodi ya taifa iliipitisha. Ilipoanza kuonyeshwa mwezi Aprili 2019, kelele zikapanda mitandaoni, na meya wa Depok akaizuia, kisha viongozi wa miji mingine wakamfuata, kila mmoja akijifanya bodi. Mwezi Desemba mwaka huo huo filamu hiyo ikapewa tuzo ya filamu bora ya taifa. Nchi moja, mwaka mmoja, kitu kimoja: huku ni uchafu, huku ni fahari.

Nami nina sababu nyingine ya kutoshangilia, nayo wanaojiunga nasi wanapaswa kuijua mapema. Katika nchi ile ile ya Pakistan, tarehe 26 Aprili 1984, Jenerali Zia-ul-Haq alitoa amri ya ishirini. Kwa amri hiyo Mwahmadiyya anayejiita Mwislamu, au anayeuita mahali pake pa ibada msikiti, au anayeadhini, anaweza kufungwa miaka mitatu. Gazeti letu la Al-Fazl, lililoanzishwa mwaka 1913, lilinyamazishwa karibu miaka minne. Sababu iliyotolewa ilikuwa ipi? Kwamba hisia za watu zinaumizwa. Chama cha Tehreek-e-Labbaik, ambacho hotuba zake dhidi yetu zinajulikana, ndicho kilichoitisha maandamano mwaka 2020 mpaka filamu nyingine, Zindagi Tamasha ya Sarmad Khoosat, ikazuiwa ingawa ilikuwa na cheti. Hiyo ilikuwa hadithi ya mzee msomaji wa kaswida za kumsifu Mtume aliyeonekana akicheza arusini. Mwenye filamu alingoja zaidi ya miaka mitatu, hata Agosti 2023 akaitoa bure katika mtandao.

Sidai kwamba kaswida na dansi ni kitu kimoja, wala kwamba kisa chetu na cha watu wa filamu ni kimoja. Nasema kwamba mkono ni mmoja. Sura Al-Maida inatuamuru kwamba chuki ya watu isitupeleke katika kuacha uadilifu. Si uadilifu kuulalamikia mkono huo ukitushika sisi na kuubusu ukimshika mwingine.

Tena wako wanaosema: "Lakini hata nyinyi Waahmadiyya mlikatazwa sinema." Ni kweli. Mwaka 1934, Khalifa wa pili wa Masihi Aliyeahidiwa, Hadhrat Mirza Bashiruddin Mahmud Ahmad r.a., alipoanzisha Tahrik-i-Jadid aliwataka wanajumuiya waishi maisha ya kawaida, wale chakula cha namna moja, wasiende sinema. Mimi mwenyewe si mpenda sinema, na ndiyo sababu katika maneno haya sikuhukumu kama filamu hizi ni nzuri au mbaya. Nimehukumu yaliyofanywa kwa ajili yake. Angalia lakini jambo lenyewe: alimwambia nani? Aliwaambia wafuasi wake wajinyime wao, ili fedha zao ziende katika kazi ya Tabligh. Hakumtuma mtu akavunje kioo cha jumba la sinema la mwingine. Anayefunga Ramadhani hapiti sokoni akipindua masufuria.

Limebaki swali moja, ambalo kijana mmoja mchunguzi aliniletea kwa barua: Mtu wa namna ya yule mchezaji wa Joyland akija mlangoni mwa msikiti wenu, mtamfanyaje? Khwaja sira wa Pakistan wanauawa. Habari zao huandikwa mistari miwili katika gazeti. Wengi wao walifukuzwa na wazazi wangali watoto. Filamu iliyozuiwa ilikuwa inataka wazazi hao wakae gizani saa mbili wawatazame.

Jibu langu kwake lilikuwa fupi. Wanavyuoni wa zamani walipoandika vitabu vya fikihi walijua kwamba katika viumbe vya Mwenyezi Mungu wamo wasiofahamika upande wao, wakawaita khuntha. Hukumu zao zinawahusu waliozaliwa na maumbile ya pande mbili, na si kila khwaja sira yumo humo, hilo lisisahauliwe. Lakini hawakuwafukuza. Walikaa wakahesabu mafungu yao ya urithi, na walipopanga safu za Sala nyuma ya imamu waliwawekea safu: baada ya wanaume na wavulana, kabla ya wanawake.